Sura ya Sita: Mkunazi, Mti wa Jirani

Mtu akifariki Mtongwe usiku, kazi hugawanywa kabla ya jua kutoka. Vijana wenye nguvu huenda kuchimba kaburi. Mmoja hutumwa sanda, ubani na karafuu maiti, mzee mmoja huarifu msikiti, na mtoto ambaye hajui aishike wapi huzuni yake hupewa ndoo akatafute majani ya mkunazi. Hapewi pesa. Anaelekezwa tu: nyumba ya tatu ukipita kisima, huko nyuma uani.

"Hodi!"

"Hodi, karibu. N'nani?"

"Ni mimi, bibi. Nimetumwa majani ya mkunazi."

"Innalillahi! Nani tena, mwanangu?"

"Babu wa kwetu."

"Maskini, Mungu amrehemu. Ngia, chuma. Matawi usiyavunde, na miba yake uiangalie."

Mazungumzo ya namna hii yamefanyika kwenye milango mingi ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na ndani yake kuna jambo ambalo anayeandika juu ya miti ya Mombasa hawezi kulipita. Hakuna aliyeuliza bei. Nazi ina bei, embe lina bei, makuti huhesabiwa moja moja. Mkunazi nao una mwenyewe mwaka mzima, lakini siku ya msiba umiliki huo husimama, na mwenye mti akikataa atasemwa mpaka wajukuu wake wasikie. Kwa maoni yangu ujirani huu ndio uliouweka mkunazi hai katika bara la Mombasa, kuliko kivuli chake, ambacho si kikubwa, na kuliko tunda lake, ambalo watu wazima wengi hawalihesabu kuwa tunda.

Shika kijitawi kimoja, taratibu. Hakijanyooka. Huenda kushoto, kikapinda kulia, na kila penye pindo ndipo jani linapotokea. Hapo hapo pana miba miwili: mmoja mnyofu, mwengine umejikunja kurudi nyuma. Mnyofu humchoma anayeingiza mkono, uliojikunja humkamata anayeutoa. Jani lenyewe ni la mviringo, juu kijani cha kung'aa, chini jeupe kwa manyoya mafupi yaliyolala pamoja, na mishipa mitatu hutoka kwenye kikonyo ikapanda sambamba kuelekea nchani. Mishipa hiyo mitatu ndiyo alama ya kuutambua hata ukiwa hauna tunda wala ua. Upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi, kwa kuwa majani hugeuka yakaonyesha upande wa chini. Maua ni madogo, ya kijani cha manjano, na harufu yake wala haisifiki. Nyuki, nyigu na nzi wanaifurahia.

Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck ndiye aliyeupa jina la kisayansi, Ziziphus mauritiana, mwaka 1789. Ukoo wake ni Rhamnaceae, wenye spishi zaidi ya 900 duniani, na wengi katika ukoo huu wana tabia moja: huishi mahali ambapo ukitazama juu ya ardhi utadhani hakuna maji. Katika makorongo ya mawe mekundu ya Utah na Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, kuna kichaka cha ukoo huu kisicho na mwiba hata mmoja, kinachojibanza chini ya majabali pale maji yanapochuruzika kutoka kwenye mwamba. Milima ya Ethiopia ina gesho, ambaye majani na vijiti vyake ndivyo vinavyoipa tej, pombe ya asali ya huko, uchungu wake. China ina mkunazi wake, unaozaa tunda jekundu linalokaushwa na kuuzwa dunia nzima. Huo wa China una kioja katika majani: ukiyatafuna kisha ukalamba sukari, kwa muda sukari haina utamu, kwa sababu kemikali iliyomo hufunga mlango wa ladha hiyo ulimini. Watoto wa Mombasa wangekuwa na mchezo mzuri hapo.

Lakini ndugu wa karibu zaidi wa mkunazi wetu yuko ng'ambo ya bahari, katika mabonde makavu ya Yemen na Oman. Huyo ni Ziziphus spina-christi, ambaye jina lake la kisayansi linakumbuka taji la miba la Kristo, na ambaye Waarabu humwita sidri. Macho yasiyo ya mtaalamu hayatofautishi sidri na mkunazi, na sheria ya dini haikujali kutofautisha. Huko Hadhramaut, bonde la Do'an limekatwa ndani ya tambarare ya mawe, kuta zake zinapanda mamia ya mita, na chini, kwenye mkondo ambao hupata maji mvua inaponyesha tu, ndipo sidri anaposimama pamoja na mitende. Wafuga nyuki wa huko huhamisha mizinga yao kwa magari kufuata mti unapochanua. Asali ya sidri wa Do'an ni miongoni mwa asali ghali kabisa duniani, na msafiri akirudi Mombasa kutoka Yemen au Oman na kichupa chake, hakiwekwi jikoni. Hufichwa kabatini, kikatolewa kwa kijiko mtu akiwa mgonjwa.

Kurani inautaja mti huu zaidi ya mara moja. Katika Surat Saba, watu waliokuwa na bustani mbili waliletewa mafuriko, wakabakiwa na miti ya matunda machungu na sidri kidogo. Wafasiri wanakiunganisha kisa hicho na kuvunjika kwa bwawa la Marib, Yemen. Katika Surat al-Waqia sidri anatokea tena, safari hii peponi, ameondolewa miba. Aliyewahi kuchuma majani haya kwa haraka, maiti akisubiri, haulizi kwa nini kilichoondolewa ni miba.

Je, mti huu ulifikaje Changamwe? Wapo wanaosema uliletwa na majahazi. Hoja yao si dhaifu. Kila msimu wa kaskazi, kwa karne nyingi, vyombo vya Arabuni vilitia nanga hapa vikiwa na tende, papa mkavu na chumvi, vikarudi na boriti. Washihiri wa Hadhramaut waliohamia Mombasa, wakauza kahawa, wakabeba mizigo na kufungua vijiduka, walitoka katika nchi ambako sidri ni chakula, dawa na sabuni. Kokwa ni ngumu, haiozi, na mtu husafiri nayo mfukoni bila kujua. Lakini wapo pia Waturkana na Wapokoti wa kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mturkana aliyeteremka na kazi za reli au bandari hakuhitaji kuonyeshwa mkunazi huko Magongo: kwao ni ekalale, na matunda yake hukaushwa yakahifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Wapokoti huuita tilomwo. Mti unaojulikana kwa majina yake wenyewe huko mbali na bahari haukungojea jahazi. Mimi naona barabara zote mbili zilitumika, na mbuzi akamaliza kazi. Mbuzi hula kunazi na kokwa yake, akalala kivulini akicheua, na kokwa huitema hapo alipolala, mbali na mti mama. Wataalamu wa mimea wanabishana kuhusu asili ya mti huu katika pwani yetu. Mbuzi hajaulizwa.

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika habari za ndizi, malimau na tunda lililofanana na zeituni, tamu sana, ambalo kwa maelezo yake tunalitambua kuwa zambarau. Kunazi hakuzitaja. Nadhani kama zilikuwepo, zilimpita machoni kwa sababu alikuwa amekwisha kuziona tangu Morocco mpaka Makka. Msafiri huandika asichokijua.

Mombasa si jangwa. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,000, nyingi ikishuka Aprili na Mei. Basi mti wa mabonde makavu unatafuta nini huku? Jibu liko chini. Sehemu kubwa ya Likoni na Kisauni imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Maji ya mvua hayakai, hupenya kwenye vishimo vya mawe yakaenda zake, na wiki mbili baada ya masika udongo wa juu unatimka vumbi. Changamwe na Mikindani ziko juu ya udongo mwengine, wa tabaka za mawe ya kale ambayo masika huyageuza tope la kunasa viatu na kiangazi huyapasua nyufa. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, minazi hudondosha vidaka na mipapai hunywea. Mkunazi hupukutisha baadhi ya majani, ukangoja. Mzizi wake mkuu umeteremka kupita mahali pa kiu. Watu wa bara la Mombasa wanalijua tatizo hilo kwa njia yao: bomba la chemchemi za Mzima, lililokamilika miaka ya 1950, limeshazidiwa na mji zamani, na mtaani Mlaleo au Shika Adabu maji huja kwa mkokoteni, mtungi baada ya mtungi. Mkunazi hauna haja na mkokoteni.

Kule Bamburi kuna msitu ambao wageni hulipa kuuona. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka kikaacha mashimo meupe kama mifupa, na kuanzia mwaka 1971 René Haller, mfanyakazi wa kiwanda hicho, akayapanda mivinje. Kazi ile ni kubwa na sifa zake ni halali. Lakini mkunazi huota mahali ambapo hakuna aliyeupanda wala kuuwekea kibao, na huo hauna mlango wa kulipia.

Turudi kwenye ndoo ya majani. Mtoto akiifikisha, wanawake huyachambua, wakatupa vikonyo na miba, kisha huyatwanga kwenye kinu au kuyafikicha kwa viganja ndani ya beseni la maji. Maji huwa ya kijani. Wakiendelea kufikicha, povu hupanda, kwanza jeupe la juu juu, kisha zito, la kushika mkononi. Hakuna sabuni iliyotiwa. Povu hilo hutoka katika saponini, kemikali ambazo mti umezitengeneza kujikinga na wadudu na kuvu. Chembe ya saponini ina pande mbili: mmoja hupenda maji, mmoja hupenda mafuta. Ikiwa kwenye ngozi, upande wa mafuta hushika uchafu na upande wa maji huuvuta uondoke. Sabuni ya mche hufanya vivyo hivyo, ila majani haya hayana ukali wa magadi, na ngozi ya maiti, ambayo haijirekebishi tena, inataka upole. Wanawake wa Mombasa waliosha nywele kwa majani haya muda mrefu kabla ya shampuu kuingia madukani, na wapo wanaoendelea.

Kuosha kwa mkunazi ni sunna yenye mapokezi ya wazi. Katika hadithi ya Umm Atiyya, waliomkosha binti wa Mtume waliagizwa watumie maji na sidri, mara tatu, tano au zaidi wakiona haja, na mwisho watie karafuu maiti. Pwani yetu inafuata madhehebu ya Shafii, na hapo ndipo mtu anapokuta jambo ambalo waliobaki sebuleni hawalioni. Maji yaliyochanganyika na majani mpaka yakabadilika yenyewe ni safi, lakini kwa hukumu ya tohara hayatoharishi tena. Kwa hiyo osho la mkunazi huondoa uchafu, lakini halihesabiwi kuwa ndilo josho la faradhi. Lazima lifuatwe na maji matupu yanayoliondoa lote, na ndiyo yanayohesabiwa. Mkoshaji mzoefu hufanya haya bila kuyasema. Anamimina maji ya kijani kuanzia kichwani, ndevu au nywele anazifikicha kwa povu, upande wa kulia kabla ya kushoto, kisha kata ya maji meupe inapita njia ile ile, na yote yanateremkia kwenye ufuo uliochimbwa chini ya kitanda. Harufu ya chumba wakati huo ni ya majani mabichi zaidi kuliko udi.

Matumizi mengine nitayapitia upesi. Kuna majani saba mabichi yanayosagwa baina ya mawe mawili, yakatiwa maji na kusomewa kwa ajili ya mtu anayedaiwa kurogwa. Desturi hiyo ni ya zamani na imo katika vitabu vya Waislamu wa karne za mwanzo, lakini siku hizi baadhi ya waganga wa mabango wameifanya biashara, na ada yake haina uhusiano wowote na bei ya majani, ambayo, kama tulivyoona, ni bure. Kuni zake ni ngumu na mkaa wake hukaa na moto muda mrefu. Mbuzi hula majani mwaka mzima.

Kunazi zenyewe ni za watoto. Nje ya shule, msimu ukifika, mama muuzaji huketi na sinia lake: achari, mabuyu mekundu, ukwaju na kunazi zilizopimwa kwa kikombe kidogo. Ikiwa kijani ni kavu na chachu, hutaka chumvi na pilipili. Ikiwa ya manjano huvunjika kwa sauti jinoni na kumbe ina maji. Ikishakuwa ya kahawia na kukunjamana, nyama yake ni ya unga, tamu, na hapo ndipo funza nao huanza kuipenda, kwa hiyo mla kunazi mjuzi huiuma nusu, akaitazama, ndipo akamaliza. Vitamini C imo kwa wingi. Kokwa hutemwa kwa kushindana nani atafika mbali.

Kwingine watu wameichukua kunazi kwa uzito zaidi. India wana aina za kupandikizwa, Gola na Umran kwa mfano, zenye matunda makubwa mara kadhaa kuliko yetu, na aina hizo zimepelekwa nchi za Sahel, ambako wakulima wanaziuza kama tofaa la Sahel. Bonde la Zambezi, upande wa Zimbabwe na Zambia, hukausha kunazi kwa magunia na kuzipikia gongo. Kule Queensland, Australia, mti uliletwa katika karne ya 19, ukapata mvua na ng'ombe wa kuutawanya, na leo serikali inautaja kuwa gugu. Nasema haya ili msomaji asidhani mkunazi ni mpole kila mahali.

Mombasa haukuwa gugu wala zao, na sababu iko katika habari ya ardhi. Katika sehemu kubwa ya bara la Mombasa, mtu anaweza kumiliki nyumba ilhali ardhi ni ya mwengine, naye akalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Tena kwa desturi ya pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili: minazi yangu, shamba lako. Ndiyo maana wenye mashamba wengi hawakupenda wapangaji na maskwota wapande minazi, miembe au mikorosho. Mti wa kudumu ni shahidi. Ukisimama miaka ishirini, aliyeupanda ana la kusema mbele ya chifu au mahakamani. Mkunazi haukupandwa na mtu. Ulitemwa na mbuzi au na mtoto wa shule, ukaota pembeni ya choo au mpakani, haukumshuhudilia mtu yeyote, kwa hiyo mwenye shamba hakuogopa kuuacha na mpangaji hakuwa na sababu ya kuukata.

Hali hiyo inabadilika, na si kwa ubaya wote. Mwaka 2016 serikali ilianza kuwapa wakazi wa shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930, hatimiliki za viwanja walivyokuwa wameishi kwa karibu miongo miwili bila usalama. Hakuna mwenye akili atakayelilia mti mbele ya hati. Lakini kiwanja kikishapimwa, mpaka huwa ukuta, na mkunazi unapenda mpaka. Mtopanga, Mwandoni na Bombolulu nyumba za vyumba viwili vya udongo zinapisha fleti za ghorofa tano, ua unatandikwa kabro mpaka ukutani, na mti wenye miba karibu na magari hauna wa kuutetea. Mtoto mwenye ndoo sasa hapigi hodi uani. Anasimama getini akimweleza mlinzi ambaye hamjui marehemu.

Soko limeliona pengo hilo. Maduka yanayouza sanda na vitabu vya dini huuza pia unga wa majani ya sidri katika pakiti, umesagwa na kufungwa nchi za nje. Unga huo unafaa. Hutoa povu, hauna miba, na usiku wa manane duka la jirani linaweza kufunguliwa kwa ajili ya maiti. Simlaumu anayeununua. Ila pakiti hununuliwa na yeyote mwenye pesa bila kumwamsha mtu, na ile nyumba ya tatu ukipita kisima itajua habari za msiba kesho yake, kwenye simu.

Wanaotaka kuupanda, kazi si kubwa. Chagua kunazi zilizokauka mtini, toa nyama, loweka kokwa na utupe zinazoelea. Zilizozama zigonge kidogo kwa nyundo mpaka zipasuke bila kuponda mbegu, ambazo mara nyingi ni mbili ndani. Ni bora kuzipanda pale pale mti utakapokaa, au kwenye mfuko mrefu, kwa kuwa mzizi mkuu huteremka mapema na haupendi kuhamishwa. Msikiti wenye ua unafaa, shule inafaa, na makaburini panafaa kuliko kote, kwa kuwa hakuna atakayekuja kujenga fleti, angalau kwa sasa. Ukikatwa shina lake huchipua, kwa hiyo usiuogope msumeno wa watu wa nyaya za umeme. Adui wa miaka ya mwanzo ni yule yule mbuzi aliyeueneza, na kinga yake ni matawi ya mkunazi mkubwa yaliyokatwa, yakazungushwa mduara, miba nje.